Una nyonga ya chuma? Anza kutafuta stika: jinsi ya kupima afya yako na kudai fidia

Shangazi yangu alibadilishiwa nyonga India mwaka 2008. Familia tulichangishana, akaenda, akarudi anatembea vizuri mpaka watu wa mtaani wakawa wanakuja kumuuliza katibiwa wapi. Miaka ya mwanzo hamna shida kabisa. Halafu yakaanza maumivu, na sio pale pembeni ambapo watu wengi hushika wakisema nyonga inauma, hapana, ni mbele kwenye kinena, kwenye mkunjo wa paja, na akiinuka kwenye kochi unasikia kitu kinalia ndani kama bawaba ya mlango iliyokauka. Akapigwa eksirei, akaambiwa chuma kimekaa sawa, akapewa dawa za maumivu, ikawa hivyo hivyo karibu miaka mitatu. Siku tuliyompata daktari wa nne ndo akauliza swali ambalo nyumbani kwetu hakuna aliyeweza kulijibu: hicho alichowekewa kinaitwaje?

Hatukujua. Tulikuwa na risiti za hoteli, risiti za tiketi, mpaka picha akiwa na manesi, ila jina la kitu kilichokaa ndani ya mwili wake miaka yote hiyo hatukuwa nalo. Naandika haya ili wewe usiwe kama sisi, maana tiba inaanzia kwenye jina hilo na kesi nayo inaanzia hapo hapo, na kesi ina saa inayohesabu hata kama wewe hujui kama imeanza kuhesabu.

Kwanza tuelewane ni chuma gani tunachoongelea

Usimpigie mama yako simu usiku kumtisha. Nyonga bandia nyingi ni nzuri, zinakaa miaka kumi na tano, ishirini, bila kelele. Nyonga hiyo kwa kawaida ina vipande vinne: shina linaloingia ndani ya mfupa wa paja, kichwa cha duara kinachokaa juu ya shina, bakuli linalobanwa kwenye mfupa wa nyonga, na kibakuli cha ndani ambacho ndo kichwa kinazunguka humo. Swali ni hapo vinaposuguana. Kama kichwa ni cha chuma au kauri na kibakuli cha ndani ni plastiki, wewe uko kwenye kundi la wengi na sio hao ninaowalenga hapa. Ninaowalenga ni wale ambao kichwa ni chuma na bakuli ni chuma, chuma juu ya chuma, aloi ya kobalti na kromiamu.

Hizi ziliwekwa kwa wingi sana miaka ya 2000 mpaka 2010 hivi. Hoja ya kampuni haikuwa ya kijinga, plastiki ya zamani ilikuwa inasagika na unga wake unakula mfupa, halafu kichwa kikubwa cha chuma hakichomoki hovyo, kwa hiyo vijana na watu wa kazi nzito wakaambiwa hii ndo yenyewe. Tatizo ni kwamba chuma kikisuguana na chuma zinatoka chembe ndogo mno, zinakaa kwenye nyama kuzunguka nyonga, na nyingine zinayeyuka zinaingia kwenye damu.

Iliyojulikana zaidi ni ASR ya DePuy, kampuni iliyo chini ya Johnson & Johnson. Bakuli lake lilikuwa na kina kifupi, kwa hiyo likiwekwa limeinama kidogo tu kuliko inavyotakiwa, kichwa kinasugua ukingoni, utelezi unapotea, unga unamwagika. Australia waliona dalili mapema kupitia daftari lao la taifa la viungo bandia, kule ikaondolewa mwisho wa 2009, lakini kwingine ikaendelea kuuzwa mpaka Agosti 2010 ndo ikaondolewa dunia nzima. Kufikia hapo watu karibu 93,000 walikuwa nazo mwilini. Kampuni ilipotangaza ilitaja takwimu za daftari la Uingereza, kwamba ndani ya miaka 5 kama asilimia 12 mpaka 13 walishafanyiwa upasuaji wa marudio. Baadaye kwenye kesi ya Los Angeles, 2013, ikatoka hadharani hesabu ya ndani ya kampuni yenyewe ya mwaka 2011 iliyokadiria asilimia 37. Hapo mimi huwa nashindwa kuendelea kusoma, kila nikiirudia.

Sio ASR peke yake. Kuna Pinnacle ya DePuy iliyokuwa na kibakuli cha ndani cha chuma kinachoitwa Ultamet, kuna Durom ya Zimmer, M2a Magnum ya Biomet, Conserve ya Wright. Kuna pia Rejuvenate na ABG II za Stryker zilizoondolewa Julai 2012, na hizi zilikuwa na shida tofauti, chuma kilikuwa kinaliwa na kutu pale shingo inapoungana na shina, kwa hiyo hata mwenye plastiki ndani ya bakuli alipata sumu ile ile. Na ili niwe mkweli, ile ya Birmingham ya Smith & Nephew, ambayo ni kama kuvalisha kofia ya chuma juu ya kichwa cha mfupa wako mwenyewe, imewafaa wanaume wengi wenye mifupa mikubwa, ila mwaka 2015 kampuni ilisimamisha isiwekwe kwa wanawake wala kwa wenye vichwa vidogo vya milimita 46 kushuka chini. Wanawake ndo walioumia zaidi karibu kila mahali, kwa sababu maumbo yetu madogo yanamaanisha vichwa vidogo, na vichwa vidogo ndo vinavyosagika vibaya kwenye aina hii.

Hatua ya 1: tafuta stika

Hii nitaikalia kidogo maana ndo kila kitu.

Kila kipande cha nyonga bandia kinatoka kiwandani kwenye boksi lenye stika kadhaa zinazobanduka. Siku ya upasuaji nesi wa theta anazibandua na kuzibandika kwenye karatasi ya upasuaji. Kila stika ina jina la kampuni, jina la kifaa, namba ya katalogi, ambayo huandikwa REF, na namba ya toleo, ambayo huandikwa LOT. Vipande vinne, stika nne. Hizo ndo unazozitaka.

Na usikubali kuambiwa jina la jumla tu. Mfano mzuri ni hiyo Pinnacle niliyoitaja: bakuli la nje ni moja, lakini ndani yake anaweza kuwekwa plastiki, au kauri, au chuma. Mtu akikuambia "wewe una Pinnacle" hajakuambia kitu bado, stika ya kibakuli cha ndani ndo itakayosema. Vivyo hivyo DePuy sio jina la ugonjwa, wametengeneza nyonga nyingi tu zilizofanya kazi vizuri.

Unapoomba, omba kwa maandishi. Mwambie mtunza kumbukumbu unataka ripoti ya upasuaji, karatasi ya stika za vifaa, barua ya ruhusa, na eksirei ya kwanza kabisa uliyopigwa baada ya upasuaji. Hiyo eksirei ya kwanza watu wanaisahau na ina thamani sana, kwa sababu kampuni ikishtakiwa jibu lake la kwanza ni kwamba daktari aliweka bakuli vibaya, na picha ya siku ile ndo itakayoonyesha lilikaaje.

Walioko Uingereza, hospitali inatakiwa kukupa rekodi zako bure ndani ya mwezi mmoja ukiomba, na daftari la taifa la viungo limekuwa likiandikisha nyonga tangu 2003. Walioko Marekani, sheria inampa hospitali siku 30 akujibu. Waliotibiwa India wakarudi Tanzania au Kenya, hapo ndo penye kazi, sisi tulituma emeil tatu zikanyamaza, tukapiga simu tukazungushwa, mwisho mtoto wa jirani anayesoma kule akaenda mwenyewe na barua ya shangazi yenye saini, kopi ya pasipoti na namba ya mgonjwa iliyokuwa kwenye risiti. Siku hiyo hiyo akapewa. Kwa hiyo ile risiti iliyofifia usiitupe, namba ya mgonjwa iko pale.

Kama hospitali inasema faili limeshaharibiwa, usiondoke hivi hivi, waombe waandike hivyo kwa barua, alafu uliza daktari aliyekupasua yuko wapi siku hizi, wengi huweka kumbukumbu zao. Eksirei nayo inaweza kusaidia, daktari wa mifupa mzoefu akiona kichwa kikubwa cha milimita 36 na kuendelea na hakuna nafasi ya plastiki kati ya kichwa na bakuli, anaweza kukisia ni chuma kwa chuma.

Hatua ya 2: usingoje maumivu ndo upime

Dalili za pale pale kwenye nyonga ni maumivu ya kinena au paja, uvimbe, kuchechemea kulikoanza upya, nyonga kulia au kugonga, kuchomoka, na ganzi mguuni kama uvimbe umebana mshipa wa fahamu. Kinachotokea ndani ni nyama kufa kidogo kidogo kwa ajili ya unga wa chuma, au kutokea uvimbe wenye maji unaofanana na kansa lakini sio kansa. Wapo ambao uvimbe unakua na hawasikii chochote, na huyo asiyesikia chochote ndo anayekuja kupoteza misuli ya makalio kabisa, akifanyiwa upasuaji wa marudio hana cha kushikilia nyonga mpya.

Halafu kuna dalili za mwilini, na hizi zinapotea kirahisi kwa sababu zinafanana na uzee. Masikio kuvuma au kupungua kusikia, macho kufifia, miguu kuwaka moto, kusahau, uchovu wa ajabu, tezi ya shingo kufanya kazi chini ya kiwango, na lile kubwa zaidi, moyo kudhoofika na kutanuka. Kwamba kobalti inaua moyo sio habari mpya, katikati ya miaka ya 1960 kule Quebec, Kanada, kiwanda cha bia kiliweka kobalti kwenye bia ili povu likae, na wanywaji wakaanza kufa kwa moyo. Kwenye nyonga za chuma, mmoja wa walioandika mapema ni Stephen Tower, daktari wa mifupa wa Alaska, ambaye mwili aliouelezea ulikuwa wake mwenyewe, alikuwa na nyonga hizo. Sumu ya mwili mzima namna hiyo sio ya kila mtu, hutokea zaidi kwa wale ambao viwango vimepanda sana, ila ukiwa na nyonga ya chuma na moyo umeanza kukusumbua, tafadhali mwambie daktari wa moyo kuhusu nyonga, yeye hawezi kuona mguu wako kwenye ultrasaundi ya kifua.

Hatua ya 3: vipimo vyenyewe

Vipimo ni viwili vikubwa, damu na picha.

Damu wanapima kobalti na kromiamu. Mtu asiye na chuma mwilini huwa chini ya maikrogramu 1 kwa lita. Mamlaka ya vifaa tiba ya Uingereza, MHRA, inatumia 7 kama alama ya kukuambia hapa ufuatiliwe kwa karibu, na ukipita 7 unarudia kipimo baada ya miezi 3 kuona inapanda au imetulia. Saba sio amri ya kupasuliwa, na chini ya saba sio cheti cha usalama, wapo wenye 3 na uvimbe mkubwa. Angalia pia kipimo kimeandikwa kwa uzani gani, maana maabara nyingine zinaandika nanomoli kwa lita, na hapo 7 ya kobalti inakuwa 119 na 7 ya kromiamu inakuwa kama 135. Jirani yetu aliona namba ya mamia kwenye karatasi ya shangazi akaanza kulia.

Sindano yenyewe ina chuma chenye kromiamu. Kwa hiyo damu inatakiwa ichukuliwe kwenye chupa maalum ya kupimia madini, mara nyingi ina kifuniko cha bluu iliyokoza, na mrija wa kwanza wa damu umwagwe ndo uchukuliwe wa pili. Shangazi mara ya kwanza alichukuliwa kwenye chupa ya kawaida, majibu yakaja hayaeleweki, tukarudia na tukalipa tena. Uliza kabla hujakunja mkono. Mwambie pia daktari kama una shida ya figo au unakula vidonge vya kupunguza unene, vingine vina kromiamu ndani yake.

Picha: eksirei inaonyesha mfupa na chuma, haionyeshi uvimbe wa nyama, ndo maana shangazi aliambiwa kila kitu kiko sawa miaka mitatu. Unachotaka ni MRI iliyowekwa mpangilio wa kupunguza kivuli cha chuma, waambie neno MARS, watu wa picha wanalielewa. Na wasikukatalie kwa kusema ukiwa na chuma huwezi kuingia MRI, aloi hii ya nyonga haivutwi kama pasi kwenye sumaku, wenye nyonga za chuma wanaingia kila siku, ila wape jina la kifaa chako (unaona stika inavyorudi) ili wahakikishe. Kama MRI haipo karibu, ultrasaundi ya nyonga inayofanywa na mtu mzoefu inaona uvimbe wenye maji.

Na hapa naomba nisikike vizuri: usinunue dawa za kusafisha sumu. Kuna watu wanauza maji, majani, vidonge, mpaka dripu. Chanzo cha kobalti kiko kwenye mfupa wako kinasagika kila ukipiga hatua, hakuna kikombe cha majani kitakachokizuia. Kinachoshusha kobalti ni kutoa kinachosagika, na watu wengi wakishatolewa, damu hushuka ndani ya wiki na miezi.

Hatua ya 4: ukiambiwa inatakiwa itolewe

Upasuaji wa marudio ni mgumu kuliko wa kwanza, mfupa umepungua, nyama imeharibika, uchomokaji na maambukizi vinakuwa vingi zaidi. Tafuta daktari anayefanya marudio mara kwa mara, sio anayebadilisha nyonga mpya tu. Usichelewe pia, kungoja mpaka misuli iishe ni kosa.

Uliza unawekewa nini mahali pake. Kuna jambo ambalo wagonjwa hawaambiwi: kama nyonga ya zamani ilikuwa ya kauri na kauri ikavunjika, vipande vidogo vinabaki kwenye nyama, na ukiwekewa kichwa cha chuma juu yake vile vipande vinakisaga chuma kama msasa, kobalti inapanda kupita kiasi. Kwa hiyo kauri iliyovunjika, uliza kuhusu kauri tena.

Sasa la kisheria. Kabla ya kuingia theta, andika barua, saini, kopi iingie kwenye faili lako, useme kwamba vipande vyote vitakavyotolewa ni mali yako, visitupwe, visipewe muuzaji wa kampuni, visipelekwe kiwandani, na vihifadhiwe mpaka wakili wako avichukue. Mwuzaji wa kampuni mara nyingi huwa yupo humo humo theta, na kipande kikishaondoka mlangoni hakirudi. Omba picha za vipande na za nyama iliyobadilika rangi kuwa nyeusi au kijivu, na nyama ipelekwe kwa daktari wa patholojia aandike ripoti. Kipande chenyewe ndo shahidi, mtaalamu anakipima kimesagika milimita ngapi na upande gani.

Hatua ya 5: saa inayohesabu

Hii ndo iliyotuangusha sisi.

Uingereza una miaka 3 ya kufungua kesi tangu uumie au tangu ujue, na juu yake kuna ukuta wa miaka 10 tangu kifaa kiingie sokoni kwa madai ya bidhaa mbovu chini ya sheria ya 1987. Marekani kila jimbo na sheria yake, mengi ni miaka 2 au 3, na hesabu kwa kawaida inaanza siku uliyojua au ulipaswa kujua, na mawakili wa kampuni hupenda kusema ulipaswa kujua siku ya tangazo kwenye habari. India, kwenye mahakama ya mlaji, ni miaka 2. Tanzania na Kenya, madai ya madhara ya namna hii ni miaka 3.

Kwa hiyo kama leo umepata stika na inasoma moja ya majina yale, wakili ni wiki hii, usisubiri majibu ya MRI.

Unapokutana na wakili, tofautisha mambo mawili: kifaa kibovu ni madai dhidi ya kampuni, na kazi mbovu ni madai dhidi ya daktari au hospitali. Mara nyingine ni yote mawili. Mahali pa kufungulia kesi kwa kawaida ni nchi ulikowekewa au iliko kampuni, sio nchi unayoishi tu, kwa hiyo aliyewekewa Chennai asitegemee wakili wa Kariakoo peke yake, ataanzia kwake sawa lakini atahitaji mtu wa kule. Muulize ameshafanya kesi za vifaa tiba, analipwaje, nani analipia wataalamu, na kesi ikishindwa nani analipa gharama za upande wa pili. Marekani wengi wanachukua theluthi mpaka asilimia 40 ya fidia na usiposhinda hulipi. Na kama bima ndo iliyolipia upasuaji wa marudio, bima itadai chake kwenye fidia hiyo hiyo, watu wengi hushtuka hapo.

Usisaini karatasi ya kampuni kabla wakili hajaisoma. Baada ya ASR kuondolewa, DePuy iliweka kampuni nyingine ya kushughulikia marejesho ya gharama, na mawakili wengi waliwaonya wagonjwa kuhusu fomu za kuruhusu wachukue rekodi zote za hospitali, maana unaowapa rekodi ndo utakaokutana nao mahakamani. Na asikukopeshe mtu hela kwa kutegemea kesi, riba ya mikopo ile inakula fidia yote.

Hatua ya 6: jua ukubwa halisi wa pesa na uwezekano wa kushindwa

Kwenye ASR, kesi za Marekani zilikusanywa kwenye mahakama ya shirikisho Toledo, Ohio, na Novemba 2013 wakakubaliana nje ya hukumu, karibu dola bilioni 2.5 kwa watu kama 8,000 ambao nyonga zilishatolewa kufikia tarehe 31 Agosti 2013. Kiwango cha msingi kilikuwa dola 250,000, kabla ya wakili na bima, na kikipunguzwa kwa umri, uvutaji sigara, au kama kifaa kilikaa miaka mingi. Angalia neno "zilishatolewa". Aliyekuwa anavumilia na nyonga yake ndani hakuwa kwenye orodha ile. Sisemi upasuliwe kwa ajili ya pesa, Mungu apishe mbali, nasema daktari akishaamua, tarehe ina maana.

Vichwa vya habari visikudanganye. Machi 2016 jopo la raia mahakamani Dallas liliwapa wagonjwa watano wa Pinnacle zaidi ya dola milioni 500, magazeti yakajaa, 2018 mahakama ya rufaa ikaifuta. Mwaka huo huo London, jaji aliamua kwamba wagonjwa zaidi ya 300 wa Pinnacle ya chuma hawajathibitisha kuwa kifaa ni kibovu kwa maana ya sheria. Maumivu yao yalikuwa ya kweli, walishindwa tu kwenye tafsiri ya kifaa kinatarajiwa kuwa salama kiasi gani. Wakili atakayekuhakikishia ushindi mkimbie.

India ndo inayotuhusu sisi tuliopeleka wazazi kule. Nyonga za ASR kama 4,700 ziliwekwa nchini humo, na wagonjwa wengi hawakuwahi kupatikana kwa sababu hakukuwa na daftari la taifa. Serikali ikaunda kamati ya wataalamu mwaka 2017, na Novemba 2018 ikatoka kanuni ya fidia kati ya rupia milioni 3 na milioni 12.3 kulingana na ulemavu na umri. Kampuni ikaipinga mahakamani Delhi, na 2019 ikakubali kulipa rupia milioni 2.5 kwa mgonjwa kwa kundi la waliothibitishwa. Waliothibitishwa, yaani wenye karatasi.

Hata kama huna kesi, ripoti. Tanzania ni TMDA, Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu, wanapokea taarifa za vifaa tiba vilivyoleta madhara. Australia waliokoa watu wao kwa sababu mtu aliandika kila nyonga iliyorudi theta kwenye daftari.

Shangazi

Kobalti yake ilikuwa maikrogramu 31 kwa lita. MRI ilionyesha uvimbe wa ukubwa wa embe dogo. Akapasuliwa, vipande tukavipata, tumeviweka kwenye chombo kilichofungwa na karatasi ya nani alikishika lini. Wakili wa India akasoma kila kitu, akasema ushahidi upo, ila akaangalia tarehe ambayo daktari wa kwanza aliandika "maumivu ya nyonga bandia" kwenye kitabu cha kliniki, akasema upande wa pili watahesabu kuanzia hapo na muda umepita. Shangazi alinyamaza kidogo akasema, "Mwanangu, na mimi ningejuaje?"

Miezi mitano baadaye kobalti imeshuka mpaka 2. Bado anachechemea, ila ganzi imeondoka na anakwenda sokoni mwenyewe. Nyonga mpya ina kichwa cha kauri na kibakuli cha plastiki. Stika zote nne nimezipiga picha nikiwa wodini kabla hata hajazinduka vizuri, ziko kwenye simu yangu, kwenye simu ya kaka, zimebandikwa nyuma ya kadi yake ya kliniki, na nyingine nimeiandika kwa kalamu ndani ya jalada la Kurani yake maana hicho ndo kitabu ambacho hakitapotea nyumbani kwake.